Yoti za sasa: zimekuwa nyepesi au zimekuwa dhaifu?

#1 Mkuku Mrefu
Habari wakuu.

Kazi yangu ni kukagua yoti, hizi boti za matanga za kutembelea, kabla mnunuzi hajatoa pesa, na kuna jambo linaninyima raha. Juzi nilikagua yoti ya kiwandani iliyopandishwa nchi kavu, mwili unang'aa, ndani safi kabisa. Nikafika kwenye koki inayoingiza maji ya kupozea injini. Nikaishika ile shingo inayovaa mpira, nikaisukuma pembeni kwa mkono mtupu, bila spana. Ikakatika. Pale ilipovunjika palikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, pamekauka, unga unadondoka ukigusa. Ni ukingo mwembamba tu wa ndani uliokuwa bado na unjano wa shaba. Na chombo chenyewe hakijafikisha hata umri wa kubadilishiwa waya za mlingoti.

Siku hiyohiyo nikakagua yoti nyingine ya miaka ya 1970. Koki zake ni za bronzi, zimeota ukijani kwa nje, lakini nilizifunga na kuzifungua bila kutumia nguvu.

Madai yangu ni haya: waunda yoti wa zamani walijenga chombo kiishi kuliko mwenye nacho, na wa leo wanajenga kifike mwisho wa dhamana. Anayepinga aje na hoja.

#2 Bintibahari
Napinga. Zile mbovu za miaka ya 1970 umeziona wapi? Zilishakatwakatwa zamani. Wewe unakagua zilizobaki, na zilizobaki ndizo zilizokuwa nzuri. Halafu unazilinganisha na zote za leo, nzuri na mbaya kwa pamoja.

#3 Kapi Kavu
Bintibahari kamaliza mapema. Mimi naketi nisome.

#4 Fundi Rezini
Hajamaliza. Hoja yake ina ukweli lakini haigusi ganda lenyewe, yaani mwili wa chombo, na ganda ndilo ninalolijua.

Yoti za mwanzo za faibaglasi, mfano Bounty II ya mwaka 1956 na Pearson Triton ya 1959 iliyochorwa na Carl Alberg, zina ganda nene kweli. Watu husema waundaji walikuwa hawaijui faibaglasi, wakaongeza unene kwa woga. Mimi sikubali. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa na boti za faibaglasi tangu miaka ya 1940, kwa hiyo taarifa zilikuwepo. Sababu ni kwamba faibaglasi ina nguvu ya kutokatika lakini si kakamavu, inapinda. Na ukakamavu wa kibao chochote unafuata unene kwa kipeo cha tatu: ukipunguza unene kwa nusu, ukakamavu unabaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo njia rahisi ya kuzuia ganda lisipumue baharini ilikuwa kuongeza tabaka.

Leo kuna njia nyingine. Unaweka povu au mbao za balsa katikati ya ngozi mbili, au unaunda fremu ndani na kuigundisha kwenye ganda. Rezini, yaani gundi ya maji inayoganda na kushika nyuzi za glasi, nayo inavutwa kwa pampu ndani ya mfuko, kwa hiyo kwa kila kilo unapata nyuzi nyingi na rezini kidogo. Ule ukandikaji wa mkono wa zamani, nyuzi zilikuwa karibu theluthi tu ya uzito. Kuvuta kwa pampu unaweza kufika theluthi mbili. Kwa hiyo ganda jembamba la leo linaweza kuwa na nguvu kushinda nene la zamani. Sharti ni moja: kila kilichogundishwa kibaki kimegundika. Ganda nene la zamani halikuwa na sharti hilo.

#5 Tanga la Tatu
Mkuu Fundi umesahau mafuta. Rezini inatokana na mafuta ya petroli. Baada ya 1973 bei ilipopaa, kila kiwanda kilianza kupima kilo za rezini. Unene haukushuka kwa sababu ya hesabu za wahandisi, ulishushwa na mhasibu, halafu mhandisi akaitwa aje ahalalishe.

#6 Fundi Rezini
Mafuta yamo, siyakatai. Lakini bei ilishuka baadaye na unene haukurudi. Hapo utasemaje?

#7 Tanga la Tatu
Nitasema mhasibu akishaonja harudi nyuma.

#8 Nahodha Mstaafu
Vijana, mnazungumzia unene mkaacha umbo. Umbo ndilo lililoharibika. Angalieni mbio za Fastnet za 1979. Kanuni ya mashindano ya IOR iliwafanya wachoraji wabinye tezi (sehemu ya nyuma ya chombo) na kutia vinundu mahali kipimo kinapopita, ili chombo kionekane cha polepole kwenye karatasi. Dhoruba ilipokuja, zikazama nusu ya yoti zilizoshiriki. Contessa 32 iitwayo Assent ndiyo pekee ya daraja lake iliyomaliza, kwa sababu ni chombo cha umbo la heshima: chembamba, kizito, karibu nusu ya uzito wake uko kwenye mkuku, lile pezi zito la chini.

#9 Bintibahari
Shikamoo nahodha. Assent umepatia, ndiyo pekee ya daraja dogo iliyofika. Ila nusu hazikuzama. Zilianza 303, zikazama 5. Nyingine 19 ziliachwa na mabaharia wake, na hizo zilikutwa baadaye zikiwa bado zinaelea. Wanamashindano 15 walikufa, na baadhi yao walikuwa wameshaingia kwenye maboya ya kujiokolea. Makosa ya usukani nayo yalichangia: sukani kadhaa za nyuzi za kaboni zilivunjika, wakati huo teknolojia ikiwa bado changa.

Kwa hiyo ajali ileile inaweza kutumika kushitaki umbo, au vifaa, au uamuzi wa kuacha chombo mapema. Kila mtu anachagua kipande chake.

#10 Nahodha Mstaafu
Marahaba. Idadi umeiweka sawa. Umbo bado nalishitaki.

#11 Upepo wa Joshi
Nahodha, sasa hivi tezi hazibinywi tena, zimepanuliwa mpaka zinalingana na kiuno. Hilo nalo ni kosa?

#12 Nahodha Mstaafu
Ndiyo, kwa upande wa pili. Tezi pana ikilala kwa upepo inanyanyuka, na usukani wa katikati unatoka majini. Chombo kinageuka chenyewe kuelekea upepo, wewe umeshika gurudumu kama pambo. Dawa waliyopata ni kuweka sukani mbili. Sasa bandarini, maji yanayosukumwa na propela hayapigi usukani wowote, yanapita katikati. Na sukani zote mbili ziko pembeni, hazikingwi na mkuku ukigonga gogo.

#13 Kapi Kavu
Lakini mzee, tezi pana inakupa vyumba viwili nyuma na nafasi ya meza ya watu wanane nje. Hapo ndipo pana sababu halisi. Yoti nyingi za viwandani zinanunuliwa na kampuni za kukodisha kwa watalii. Mtalii anahesabu vitanda na vyoo, hahesabu pembe ambayo chombo kikipinduka hakirudi. Chombo kinakaa kwenye kundi la kukodisha miaka michache kinauzwa. Mchoraji anachora anachoagizwa.

#14 Bintibahari
Sababu ya kukodisha inaeleza vitanda, haielezi kwa nini umbo hilohilo limeshika hata kwa wasiokodisha. Tezi pana imetoka kwenye mbio za kuzunguka dunia, zile za Vendée Globe zilizoanza 1989. Chombo kipana nyuma kinasimama imara na kinakimbia kikiwa na upepo wa nyuma. Hata Hallberg-Rassy, ambao hakuna anayewaita wajenzi wa hoteli, wana mifano yenye sukani mbili. Amel nao: walijulikana kwa yoti za milingoti miwili, lakini Amel 50 ina mlingoti mmoja na sukani mbili. Hao wanauzia watu wanaovuka bahari kuu.

#15 Nahodha Mstaafu
Wanauzia wanunuzi walioona tezi pana kwenye maonyesho. Si kitu kimoja.

#16 Upepo wa Joshi
Kwenye suala la usukani, msisahau nyangumi wauaji. Tangu 2020 upande wa Ureno, Uhispania na mlango wa Gibraltar wamekuwa wakizivunja sukani za yoti, na nyingine zimezama kabisa. Usukani unaoning'inia peke yake kwa nondo moja, bila kibao cha mbele cha kuushikilia, nguvu yote inaishia pale nondo inapoingia kwenye ganda. Wachoraji wanaupenda kwa sababu una mvuto mdogo wa maji na unageuka kwa wepesi.

#17 Mhunzi
Nimesoma yote, sasa turudi kwenye koki ya mleta uzi maana hapo ndipo penye hatari ya karibu.

Ile rangi ya waridi ni zinki iliyoondoka. Shaba ya njano ya kawaida ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, takriban 60 kwa 40. Ndani ya maji ya chumvi zinki inayeyuka polepole, inabaki shaba nyekundu yenye matundumatundu isiyo na nguvu. Kwa nje umbo halibadiliki, nyuzi za skrubu bado zinaonekana, na ukipaka rangi utasema kitu kipya. Bronzi halisi ni shaba na bati, haina tatizo hilo, ndiyo maana koki za ile yoti ya zamani zilizunguka vizuri. Katikati yake kuna shaba iliyotiwa chembe ya aseniki, inayojulikana kwa alama ya DZR au CW602N, ambayo zinki yake haitoki kirahisi. Ya kawaida huandikwa CW617N. Nyingi zina alama hiyo kwenye mwili wake, shida hakuna anayeinama kuisoma.

Na jihadharini na kile kinachoitwa bronzi ya manganizi. Ina zinki karibu asilimia 40. Ni shaba ya njano iliyovaa jina la bronzi.

Sasa kwa nini kiwanda kinatumia CW617N? Kwa sababu kinaruhusiwa. Sheria ya Ulaya ya vyombo vya burudani ya 1994, iliyoanza kuwa lazima mwaka 1998, ilileta madaraja ya A, B, C na D. Kiwango cha ISO 9093 kinachohusu hizo koki kilieleza kwamba metali isiyoliwa na kutu ni ile inayokaa miaka 5 bila kupata kasoro ya kuharibu kazi yake. Miaka 5! Kwa kifaa kinachozuia bahari isiingie. Yoti inaweza kupewa daraja A, la upepo wa kupita nguvu ya 8 kwenye kipimo cha Beaufort na mawimbi ya kupita mita 4, huku koki zake zikihesabiwa miaka mitano tu.

#18 Mkuku Mrefu
Mhunzi, hapo umenipa silaha. Bintibahari unaonaje, hilo nalo ni la "zilizobaki ndizo nzuri"?

#19 Bintibahari
Hilo nalikubali, kiwango ni kidogo mno. Lakini ona: kabla ya sheria hiyo hapakuwa na kiwango cha pamoja hata kidogo. Mwenye kiwanda mwadilifu aliweka bronzi, asiye mwadilifu aliweka bomba la maji ya bafuni. Kiwango kilimpandisha wa chini. Tatizo ni kwamba kilimpa wa juu ruhusa ya kushuka.

#20 Mgeni Majini
Samahani wakuu, mimi ni mgeni kwenye mambo haya. Kwa vifaa vya chuma kisichoshika kutu, sumaku ikishika si ndiyo feki?

#21 Mhunzi
Karibu. Sumaku haitakusaidia sana. Daraja 304 na 316 zote hazishikwi na sumaku zikiwa zimetoka kiwandani laini, na zote zinaweza kushikwa kidogo zikishakunjwa au kugongwa. Soma kichwa cha bolti: A2 ni familia ya 304, A4 ni familia ya 316. Tofauti ni molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, inayosaidia dhidi ya chumvi.

Lakini hata 316 ina udhaifu. Kinachoilinda ni utando mwembamba wa kromiamu na oksijeni, na utando huo unahitaji hewa ujirudishe. Ukiifungia mahali penye maji yaliyotuama bila hewa, inaliwa kwa siri. Niliwahi kuyatoa mabamba yanayoshikilia waya za mlingoti kwenye yoti ambayo mwenyewe alikuwa anayapiga msasa kila msimu. Juu ya sitaha yanang'aa, unajiona uso. Chini ya sitaha pia safi. Pale katikati, unene wa sitaha tu, chini ya gundi ya kuzuia maji, palikuwa na mstari wa kahawia. Nilipousafisha nikaona ufa umekata zaidi ya nusu ya upana wa bamba. Bolti za mkuku ni hadithi ileile: kiungo kikilowa ndani, kinaliwa pasipoonekana.

#22 Tanga la Tatu
Ndipo tunapofika kwa yoti iitwayo Cheeki Rafiki, 2014. Bolti za mkuku zilioza, mkuku ukang'oka katikati ya Atlantiki, wanne wakafa. Ushahidi kamili kwamba vifaa ni vibovu.

#23 Fundi Rezini
Taratibu mkuu. Ganda lilikutwa limepinduka lakini halikuopolewa, kwa hiyo wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza (MAIB) hawakuweza kulipima. Walichoeleza ni kwamba kuna uwezekano fremu ya ndani iliyogundishwa kwenye ganda ilikuwa imeachia, baada ya chombo kugonga chini mara kadhaa huko nyuma na kutengenezwa. Kutu kwenye bolti walikitaja kama jambo linaloweza kuchangia. Uzito wa fundisho uko kwenye gundi: fremu ikiachia, bolti zinabeba mzigo ambao hazikupangiwa, na aliye ndani ya chombo hawezi kuona gundi iliyoachia chini ya sakafu iliyofungwa.

Hili ndilo nililosema kwenye #4. Sharti la kubaki kimegundika.

#24 Bintibahari
Na mikuku haing'oki kwenye yoti za bei ya kati tu. Drum kwenye Fastnet ya 1985, Rambler 100 kwenye Fastnet ya 2011, Exide Challenger ya Tony Bullimore bahari ya kusini, ambaye aliokolewa Januari 1997 ndani ya chombo kilichopinduka. Hizo ni za mashindano, zinajengwa kwenye ukingo, sawa. Lakini Polina Star III iliyozama karibu na Uhispania mwaka 2015 ilikuwa Oyster 825, yoti ya kifahari isiyo na haraka. Muundo wa eneo la mkuku ndio ulioachia. Kwa hiyo "lipa zaidi upate imara" nayo haisimami peke yake.

#25 Kapi Kavu
Oyster ikafilisika Februari 2018, Bavaria nayo ikaingia kwenye ufilisi mwaka huohuo. Mmoja anajenga chache za ghali, mwingine anajenga nyingi za bei nafuu. Biashara hii haimwonei huruma yeyote.

#26 Tanga la Tatu
Ndiyo maana wanamezana. Beneteau, walioanza 1884 na boti za uvuvi, wakamchukua Jeanneau 1995. Hanse wakamchukua Moody 2007 na Dehler 2009. Jina linabaki ubavuni, waliokuwa wanajenga wameshatawanyika. Mnunuzi analipia kumbukumbu.

#27 Mshona Ganda
Nimekuwa msomaji tu muda mrefu, leo naingia kwa sababu nimefanya kazi ndani ya kiwanda cha yoti. Sitakitaja.

Hakuna aliyekaa akaamua kujenga kibovu. Chombo kinasogea kutoka kituo hadi kituo, kila kituo kina muda wake. Fremu ya ndani inashushwa na kreni ikiwa na gundi mbichi, na ikishakaa huwezi kuona gundi imeenea wapi na imeruka wapi. Unagonga kwa nyundo ndogo unasikiliza. Ukisikia mlio mtupu unatoboa unajaza. Fundi mzuri anarudia mara mbili. Siku ambayo chombo cha nyuma kinasubiri nafasi, anarudia mara moja.

Kuhusu koki: sisi tulipewa boksi. Aliyeagiza boksi yuko ofisini na karatasi yenye sharti la kiwango, na boksi linatimiza sharti. Tuliokuwa tunafunga hatukuulizwa. Kuna mzee mmoja kituoni alikuwa anazitenga zile alizozitilia shaka, anaziweka pembeni kimya, anafunga nyingine. Alipostaafu hakuna aliyeendelea.

Injini nayo hivyohivyo. Mguu wa injini wenye propela, unaoshuka chini ya ganda, unawekwa upesi kwa sababu hauhitaji kunyoosha mhimili wa propela. Mwenye chombo ndiye anayekuja kukuta kuna mpira mkubwa wa duara unaozuia maji pale chini. Volvo Penta wanataka ubadilishwe kila baada ya miaka 7, na kuubadilisha ni lazima injini isogezwe.

#28 Mkuku Mrefu
Mshona Ganda, umeeleza kuliko sisi wote. Swali: ile fremu ikiachia baada ya miaka, mimi mkaguzi naikamata vipi bila kuvunja sakafu?

#29 Mshona Ganda
Chombo kikiwa kinaning'inia kwenye mikanda ya kreni, weka mkono kwenye kiungo cha mkuku na ganda, halafu wakishushe polepole mpaka mkuku uguse chini. Angalia kama kiungo kinafunguka na kufunga. Ndani, tafuta nywele za nyufa kwenye pembe za fremu nyuma ya mkuku, huko ndiko pigo la kugonga chini linakoishia. Milango ya makabati inayokwama baada ya chombo kupandishwa nayo inasema kitu.

#30 Upepo wa Joshi
Wenye vyombo nao tuseme ukweli. Koki haifunguliwi wala kufungwa msimu mzima, inaganda, siku ya hatari mtu anaivunja kwa nguvu halafu anamlaumu muundaji. Kipande cha zinki cha kujitolea mhanga, kile kinacholiwa na chumvi badala ya metali nyingine, kimeisha mwaka jana bado kinaitwa kipo.

#31 Nahodha Mstaafu
Mimi nina nanga ya CQR ya kufuliwa, si ya kusubu. Ilibuniwa 1933 na Geoffrey Ingram Taylor, mwanafizikia. Nakala zake za kumimina kwenye kalibu zina umbo hilohilo na hazishiki kama yenyewe.

#32 Kapi Kavu
Nahodha tulikuwa kwenye koki, umeshashusha nanga!

#33 Bintibahari
Na nanga za kizazi kipya, Rocna na Spade, zinazama ardhini upesi kuliko CQR. Hapo nahodha, kipya kimeshinda.

#34 Nahodha Mstaafu
Kwenye mchanga. Tukutane kwenye majani ya bahari.

#35 Mgeni Majini
Nimejifunza mengi, asanteni. Nimeinama leo kusoma koki zangu, zote zimeandikwa CW617N. Nabadilisha zote. Niweke bronzi au zile za plastiki ngumu yenye nyuzi za glasi?

#36 Mhunzi
Bronzi, na shingo yake iwe bronzi pia. Wengi wanabadilisha koki wanaacha shingo ya shaba ya njano, na shingo ndiyo iliyokatika mkononi mwa mleta uzi.

#37 Fundi Rezini
Mimi nasema plastiki ya nyuzi. Hailiwi na umeme wa majini, haina zinki ya kutoka. Ila usiikaze kwa nguvu za bronzi, na eneo la ganda linalozunguka tundu liwe imara. Kama ganda lako lina balsa katikati, chokoa balsa kuzunguka tundu lote ujaze epoksi kabla hujafunga chochote.

#38 Mhunzi
Karibu na injini penye joto, au mahali ambapo mtu anaweza kuikanyaga, bado nasema bronzi.

#39 Mgeni Majini
Na kama siwezi kujua kama ganda langu lina balsa?

#40 Mshona Ganda
Ukishatoa koki ya zamani, tazama ukuta wa tundu. Utaona ngozi mbili na mbao katikati, au utaona glasi tupu. Ikiwa mbao imelowa na kuwa nyeusi, usifunge mpya. Iache ikauke kwanza.